Nilichokisaga Kwenye Uji wa Mdogo Wangu

Kwa siku tisini na mbili nilimtilia mdogo wangu vidonge kwenye uji wa ulezi, na kila asubuhi akimaliza bakuli alinishukuru.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kosa lenyewe. Hakuna aliyenilazimisha. Idadi ya siku naijua kwa kuwa nilikuwa naweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya parokia iliyoning'inia jikoni kwangu. Kila alama ni bakuli moja. Kalenda ile bado ipo, nimeigeuza ikatazama ukuta.

Mimi ni mama lishe hapa Sumbawanga. Naomba jina langu lisitajwe, si kwa kujificha mimi, ila kwa ajili yake. Ameshaaibishwa vya kutosha kwa jambo ambalo hakulifanya.

Mama yetu alifariki mdogo wangu akiwa darasa la nne. Tangu hapo amekula kutoka mkononi mwangu. Alipokua akawa mpakia magunia kwenye maghala ya mahindi, na jioni akawa ananyanyua vyuma kwenye jimu moja ya uani, nyuma ya mashine ya kusaga. Usifikirie jimu za kwenye runinga. Hapa vyuma ni gia za malori, ekseli iliyokatwa na ndoo za rangi zilizojazwa saruji. Wenzake walimwita Winchi, kwa jinsi alivyokuwa akiinua gunia bila kukunja uso.

Kibanda changu kiko hatua chache kutoka kwenye ua huo. Wanyanyuaji wote walikula kwangu.

Aliyewafundisha tulimwita Kocha. Ni mzee mstaafu, mpole, na mbishi kwenye jambo moja tu: chakula. Alikuwa amebandika boksi lililofunguliwa ukutani, ameandika kwa makaa nani ale nini. Asubuhi uji wa ulezi wenye karanga na maziwa, mayai matatu. Saa nne viazi vitamu. Mchana ugali, maharage na dagaa. Baada ya mazoezi maziwa tena na ndizi. Jioni ugali mdogo, samaki na mboga nyingi.

Kila Jumamosi aliwapima kwenye mizani ya magunia, kisha akawazungushia kiunoni futi ya fundi cherehani.

"Uzito ukipanda na chuma kikapanda, umejenga," alikuwa akiwaambia. "Uzito ukipanda na kiuno kikapanda halafu chuma kimekaa palepale, umenenepa tu. Punguza mafuta, punguza ugali wa pili. Maharage na mayai usiguse! Hayo ndiyo misuli yako."

"Kocha, na pombe ya ulezi je? Si ulezi huohuo?" akauliza mmoja, na wote wakacheka.

"Hiyo kanywe na mjomba wako siku ya kulima. Hapa nataka uji."

Na lingine alilirudia kila wiki, bila kucheka: "Atakayemeza dawa ya kuongeza mwili, hapa si kwake. Sina haja ya kumfukuza mara mbili."

Mdogo wangu alikuwa akinisisitizia hilo hata nyumbani. "Dada, mimi situmii dawa. Nitafika kwa chakula chako tu." Aliniambia hivyo kwa kinywa chake! Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwaka huu kulikuwa na mashindano ya kunyanyua vyuma yaliyopangwa kufanyika Matai. Winchi alikuwa anayawaza toka mvua zilipokatika. Lakini mwili wake uligoma. Alikula kila kilichoandikwa kwenye boksi la Kocha, hakuruka mlo, na bado mizani ilikaa palepale kwa wiki tano. Ekseli yenye gia nne aliiinua hadi magotini, ikamshinda hapo. Kila jioni ikawa magotini, chini. Magotini, chini.

Kocha hakuwa na wasiwasi. "Anapakia magunia mchana kutwa, chakula chote kinaungua ghalani. Mwongezee bakuli moja la uji na usingizi wa mchana kama anaweza. Mwezi ujao mtaona. Mwili una mwendo wake."

Lakini vijana wa jimu hawakuwa na subira ya Kocha. Walikaa kwenye benchi langu wakala na kutania.

"Dada, huyu Winchi unampikia kweli au unampa makoko?"

"Muulize! Sisi tunaokula kwa kulipa tumenona, mwenye jiko ana mbavu kama ngazi!"

Yeye alicheka nao. Mimi nilicheka pia. Ila maneno yale yaliniingia. Nilijiona mpishi asiyefaa. Nilijiona nimemlea mtoto wa mama yangu kwa chakula kisicho na kitu. Kumbe ulikuwa utani tu wa vijana wenye njaa!

Kuna mama alikuwa akipita na kapu la vipodozi, siku za soko hasa. Mafuta, sabuni, nywele za bandia. Chini ya kapu alikuwa na vidonge vya kunenepa, ambavyo wanawake wengi walinunua ili wapate mwili. Vilikuwa vidogo, vyeupe, kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi yoyote. Hata herufi moja.

Nilimuuliza, "Hata mwanaume vinamfaa?"

"Mwili ni mwili, dada yangu. Atakula mpaka umwonee huruma."

"Ni dawa gani?"

"Ya kunenepa."

Hilo ndilo jibu, na mimi nikaona limetosha. Mimi! Mtu ambaye siuzi dagaa mpaka nimewanusa.

Niliviweka kwenye kopo la iliki. Asubuhi iliyofuata nikasaga kimoja kwa mwiko, nikakitumbukiza kwenye uji, nikaongeza sukari kidogo. Ulezi una rangi nzito, hauonyeshi kitu. Akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Asante dada, leo umeupatia."

Wiki ya pili alianza kuomba chakula cha ziada. Wiki ya tatu alikuwa anamaliza ugali wa watu wawili na bado anaangalia sufuria. Mizani ikapanda. Siku moja ekseli ikapita magotini, ikafika mapajani, akasimama nayo wima! Ua mzima ulipiga kelele mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima injini aje kuona.

Vijana wakanigeukia. "Dada, huo uji weka na kwenye bakuli langu! Winchi, acha na sisi tuone chini ya sufuria!"

Nilijisikia mkubwa. Sitaki kuficha hilo. Kwa wiki kadhaa nilitembea sokoni kama mtu aliyeshinda mwenyewe. Watu walinisalimia kwa jina la uji. Na kila asubuhi niliweka alama nyingine kwenye kalenda.

Kocha peke yake hakushangilia. Kwenye upimaji wa Jumamosi moja alizungusha futi kiunoni mwa mdogo wangu, akaitazama, akaizungusha tena. Kisha akampima mkono. Akampima paja. Akaandika.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la viazi, nikaona alichokiona. Tumbo lilikuwa limekua. Uso ulikuwa umejaa na kuwa wa duara, mashavu yamesukuma macho. Lakini mikono ilikuwa ileile, na miguu ilikuwa imepungua. Pembeni ya tumbo palikuwa na mistari ya rangi ya zambarau, kama mtu aliyechapwa na ufito. Chunusi zilimjaa mgongoni, na begani palikuwa na alama nyeusi mahali gunia lilipokaa, alama ambazo zamani hazikuwahi kubaki.

Nilisema moyoni, ni uji na karanga. Kesho yake nikasaga tena.

Kuanzia hapo chuma kikaanza kurudi chini. Mwili mkubwa, nguvu zinashuka. Akichuchumaa na ekseli mabegani hawezi kuinuka, anasaidiwa na watu wawili. Ngazi ya ghala aliyokuwa akiipanda na gunia sasa aliipanda kwa kushika ukuta. Hasira zikamwingia, akawa anafoka kwa vitu vidogo, baadaye anaomba radhi. "Sijui nina nini, dada," alikuwa akiniambia. Nilimjibu apumzike.

Wiki mbili kabla ya safari ya Matai, Kocha akawasimamisha wote uani. Nilikuwa nimepeleka maziwa.

"Winchi, nakuuliza kama baba. Unameza nini?"

"Simezi kitu, Kocha."

"Huu uso si wa ugali. Nimeona vijana wenye sura hii tangu hujazaliwa. Unameza nini?"

"Sijameza kitu! Nakula kwa dada, nyote mnaniona!"

"Basi hapa si kwako."

Mdogo wangu alinyoosha mkono juu, mbele ya wenzake wote, akasema kwa sauti: "Naapa kwa kaburi la mama. Kama nimewahi kumeza dawa ya mwili, nisifike mwaka ujao!"

Nilikuwa nimeshika kidumu cha maziwa. Kati yangu na Kocha ni hatua nne au tano tu. Ningeweza kusema neno moja. Sikusema! Niliangalia kidumu, nikakifunga vizuri, nikaondoka.

Alifukuzwa. Wenzake waliokuwa wakimtania kwa upendo sasa walimtania kwa maneno makali kama kisu. "Winchi wa vidonge." Akaacha kuja kwenye kibanda mchana, akawa anakula nyumbani tu.

Siku hiyohiyo niliamua kuacha. Nilivitupa vilivyobaki chooni, nikajiona nimetenda haki. Jumapili nilienda kuungama. Padri alinisikiliza, akaniambia kitubio changu hakitakamilika mpaka mdogo wangu aujue ukweli. Nilisema ndiyo, Padri. Nikasali sala nilizopewa, na ukweli nikaubakiza mdomoni.

Siku ya tano baada ya kuacha tulikwenda shambani kwetu upande wa Kasense kupukuchua mahindi. Kulikuwa na baridi na ule upepo wetu wa uwanda wa juu unaokata masikio. Asubuhi aliuacha uji nusu, akasema tumbo linamchafuka. Shambani alitapika mara mbili. Nikadhani ni homa.

"Dada, mikono haina nguvu."

"Kaa kidogo."

Alikaa juu ya rundo la magunzi. Nilipogeuka tena alikuwa amelala ubavu, macho wazi, midomo mikavu, jasho baridi linamtoka. Nilimwita jina lake la ubatizo, akanitazama kama mtu wa mbali.

Tulimpakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva. Njia nzima kichwa chake kilikuwa kwenye bega la dereva, na mimi nimemkumbatia kwa nyuma asidondoke. Mwili ule mkubwa ulikuwa mwepesi kuushika, laini kama unga uliolowa.

Hospitalini walimpima presha, ikawa chini mno. Sukari, chini. Wakamtundikia dripu. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri. Aliinua shati la mdogo wangu, akaiona ile mistari ya zambarau, akanigeukia.

"Mama, mgonjwa anatumia dawa gani?"

"Hatumii dawa."

Nilisema hivyo. Mdogo wangu anakufa mbele yangu na nikasema hivyo!

Naye kutoka kitandani, kwa sauti ndogo, akanisaidia uongo bila kujua: "Daktari, mimi situmii. Hata Kocha hakuniamini. Muulize dada, yeye ndiye anayenipikia."

Daktari alisubiri. Nilimshika mkono nikamvuta hadi kwenye korido na kumwambia yote: kapu, mfuko wa nailoni, mwiko, siku tisini na mbili, na kwamba niliacha ghafla.

Hakunifokea. Alimwita muuguzi, akaagiza sindano, ikachomwa palepale. Kisha akanieleza kwa maneno ambayo nimeyashika kama sala. Alisema kwa dalili zile, vidonge hivyo huenda vilikuwa vya aina inayofanya kazi ambayo mwili hujifanyia wenyewe. Mwili ukipewa kila siku unaacha kujitengenezea homoni yake. Siku ukinyimwa ghafla, unabaki hauna ya kwake wala ya kupewa, na mtu anaweza kufa kwa kazi ndogo au homa ndogo. Kuanza kulikuwa kosa, akasema, na kuacha namna ile ndiko kulikokaribia kumuua.

"Vilete vilivyobaki tujue ni nini hasa."

Nilikuwa nimevitupa chooni! Na mama wa kapu nilimtafuta soko zima, sijamwona mpaka leo.

Alipopata nafuu nilimuuliza daktari kama atamwambia mgonjwa. Akasema, "Utamwambia wewe. Mimi nitakuwepo."

Nilimwambia. Nilidhani atalia, au atanitukana. Aliangalia dripu inavyodondoka.

"Kwa hiyo Kocha alikuwa sahihi," akasema.

"Wewe hukujua, mdogo wangu."

"Niliapa kwa mama. Ukiwa umesimama pale. Umeniacha niape uongo kwa kaburi la mama."

Nilikwenda kwa Kocha kwa miguu yangu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza mbele ya vijana wote, kwa kuwa aibu ilianzia pale. Hakuna aliyetania. Kocha alivua kofia, akaenda moja kwa moja hospitalini, akamwomba radhi mdogo wangu. Mashindano ya Matai yalikuwa yameshapita. Ekseli haruhusiwi kuigusa.

Sasa yuko nyumbani kwa rafiki yake. Anameza dawa za hospitali kila asubuhi, akipunguziwa kidogo kidogo, na hakuna anayejua kama mwili wake utaanza tena kujifanyia kazi yake au la. Daktari anasema tusubiri. Anapika mwenyewe. Nikimpelekea chakula anapokea kwa adabu, anasema asante dada, na rafiki yake ameniambia ukweli: hakili. Anampa mbwa baada ya mimi kuondoka.

Ningeweza kuishia hapo, nikawaonya kuwa misuli hujengwa kwa chakula na muda, na kwamba kumlisha mtu dawa kwa siri ni kumwibia mwili wake hata kama unampenda. Hayo nawaonya. Kidonge kisicho na jina ni cha kukimbia, awe anakiuza nani. Na kama mtu wako ameshaanza kumeza, usimwachishe mwenyewe, mpeleke hospitali, na useme ukweli wote mlangoni, si baada ya kuulizwa mara mbili.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine, na sijalisema hata kwa Kocha.

Zile siku nilipokuwa nasifiwa, kama katikati ya siku zile tisini na mbili, mwanamke mmoja alikaa kwenye benchi langu akamwangalia mdogo wangu akila. Alikuwa amejifunga kitenge cha njano. Kwa lafudhi yake nilijua anatoka kwenye familia za wafugaji waliohamia huku. Aliniambia mumewe ameugua, amepona, ila amekonda na hana nguvu ya kushika jembe la ng'ombe. Akaniuliza kwa unyenyekevu, dada, huyu kijana unampa nini?

Nilikuwa na kiburi, nikataka kuonekana mwema. Nilimhesabia vidonge sitini kwenye kipande cha gazeti. Akanishukuru kwa mikono miwili, akawahi gari la Matai. Sikumuuliza jina wala kijiji.

Nimekwenda Matai mara tatu. Nimewafuata wanawake wa vitenge vya njano mpaka wakaniogopa. Hakuna aliyekuwa yeye.

Dada, kama unasomewa hii, mpeleke mumeo hospitali leo. Leo hii! Waambie alikuwa anapewa vidonge vyeupe visivyo na jina. Na wewe mume, kama umenenepa uso msimu huu na hujui kwa nini, muulize mkeo bila kumpiga. Kosa ni langu.

Maana nilimfundisha kama nilivyofanya mimi: asage kimoja kila asubuhi, atie kwenye uji, na asimwambie. Kwa hesabu ya kalenda yangu, kama alianza siku ile, kidonge cha mwisho kimeisha wiki tatu zilizopita.